Afande ana filimbi

Mwanangu Elia,

Barua yako nimeipata Jumamosi jioni. Mwenzako aliyepewa ruhusa ya msiba ameifikisha mwenyewe. Nikampa chai na viazi, akala mpaka nikaogopa kumuuliza mnakula nini huko. Anarudi kambini Jumatatu na ndiye atakayekuletea hii.

Umesema hangani mnakolala kuna kuruta anayefulishwa bukta za watu sita kila usiku, na akikataa godoro lake linamwagiwa maji, analala sakafuni. Unauliza uripoti kwa kiongozi wa hanga au uende moja kwa moja kwa sajini meja wa kombania, na je, jina lako litafichwa? Sajini meja wenu simjui, kwa hiyo hapo sina jibu. Nitakwambia ninalolijua.

Mimi nilikwenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1988, baada ya kidato cha sita, enzi za lazima, na ilikuwa mwaka mzima, si hii miezi 3 ya wa mujibu wa sheria siku hizi. Kambi unaijua. Ndiyo ile ambayo basi likiipita mimi hutazama dirisha la upande wa pili, na baba yako hucheka. Siku ya kuondoka babu yako alinisindikiza stendi. Habari zake unazo: Oktoba 1966 alikuwa Chuo Kikuu, wakaandamana kupinga kupelekwa jeshini, Mwalimu akawafukuza karibu 400, kila mtu kwao. Babu akarudi kijijini kupalilia mahindi wakati kijiji kizima kilishamwita msomi. Basi pale stendi wazazi wengine waliwaambia watoto wao wawe hodari. Mimi niliambiwa, "Ukiona jambo, funga mdomo. Mimi nilifungua wangu nikapewa jembe."

Nilimtii. Mpaka leo sijajua kama alinikinga au aliniharibu. Alinipenda, hilo halina ubishi.

Kitanda cha jirani yangu alilala Salome. Ndiyo, Salome huyu huyu wa Babati, wa asali. Salome kwata ilimshinda kabisa: mguu wa kulia ukienda mbele, mkono wa kulia nao unaufuata, anatembea kama mlango unaofunguliwa. Na kambini kosa la mmoja hulipwa na wote. Salome akikosea, kombania nzima kichurachura mpaka mwisho wa uwanja na kurudi. Silaumu. Afande alikuwa na maana yake, na kweli tulijifunza kusubiriana, tukajua nani anachoka mapema na nani wa kumshika mkono mlimani. Lakini unajua ninavyosema siku zote: afande ana filimbi. Doso lake, adhabu ile, lina hesabu, akipuliza yamekwisha, mnakwenda kunywa uji. Hangani usiku nani atapuliza?

Wasichana watatu wakaamua kumfundisha wao. Walianza na maneno, likafuata godoro, kama huyo wenu. Na maji tulikuwa tukiyapangia foleni, ndoo moja watu wawili; kumwagia mtu godoro ilikuwa anasa. Usiku mmoja wakataka buti lake la kushoto walitumbukize kwenye pipa. Taa zimezimwa, hawaoni chini ya kitanda. Mmoja akanigusa bega, akaniambia, "Wewe una tochi."

Nilikuwa nayo, babu yako ndiye aliyeninunulia. Nikaamka nikaishika, nimeziba kioo kwa kiganja ili mwanga usisambae, vidole vikawa vyekundu kama makaa. Elia, vile vidole naviona mpaka leo nikiwa nakatakata vitunguu.

Alfajiri tunahesabiwa, Salome kasimama na buti moja. Afande akamuuliza. "Nimepoteza, afande." Hakumtaja mtu. Akagaragazwa kwenye tope mpaka jua likatoka, na mimi nipo mstari wa pili nimekaza macho mbele kama tulivyofundishwa.

Utasema wale watatu walikuwa makatili. Walikuwa na miaka 20, magoti yamechunika kwa kosa la mtu mwingine, usingizi wa saa nne tu kwa usiku. Labda nawaonea. Hapana, siwaonei, magoti yangu nayo yalichunika. Sijui. Tuache hapo.

Aliyekwenda kusema ni msichana mmoja wa Songea tuliyemwita Sista kwa sababu alisoma kwa masista. Hakwenda usiku kwa kujificha. Alikwenda saa sita mchana, bakuli mkononi kama anayefuata chakula, akaingia ofisini kwa matroni, akasema alichokiona yeye kwa macho yake, siku gani, na nani. Dakika chache akatoka akapanga foleni ya maharage. Jioni vitanda vitatu vikahamishiwa mahanga mengine. Basi, ndilo jambo tulilokuwa tukiliogopa mwezi mzima.

Lakini sitakudanganya. Wiki mbili hakuna aliyemwazima Sista hata sindano. Alikula peke yake chini ya mwembe. Na mimi, niliyekuwa nimeshukuru moyoni kwamba yamekwisha, sikwenda kukaa naye. Kwa hiyo unaponiuliza kama jina litafichwa, nadhani kambini hakuna jina linalofichika. Watu 40 hangani, watajua tu.

Hapo juu utaona nimefuta mstari. Niliandika neno moja, nikalifuta, nikaliandika tena. Silisemi kwa sababu atakayelala humo hangani baada ya hapo ni wewe, mimi nitakuwa hapa na chai yangu. Lakini na wewe sasa una miaka 24, huhitaji nilitamke. Usimsikilize babu yako kwenye hili, Mungu amrehemu. Wala si lazima unisikilize mimi. Afande ana filimbi, wale hawana, mengine pima.

Nimekuwekea sabuni 3, soksi nyeusi na dawa ya fangasi.

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha jana, Salome akafika na madumu yake ya asali. Nikamsomea barua yako pale kwenye bukta sita na godoro. Nilisoma nimeinamisha kichwa, maana miaka yote hii sijawahi kumwambia habari ya tochi, na nilijua hajui. Akanyamaza, akafunga kifuniko cha dumu, akasema, "Muulize Elia nani anawashikia tochi."

Nikamwambia sijui. Ndipo nikafungua bahasha. Nakuuliza, baba.

Mama yako