Hesabu watu, usihesabu picha
Ndugu, umeuliza kama picha za Flickr, mtandao wa kuwekea picha, zenye alama ya mahali zilipopigwa zinaweza kuonyesha watalii wanaelemea wapi Serengeti. Zinaweza, ila usihesabu picha. Mgeni mmoja pale Kogatende, nyumbu wakivuka mto Mara, anabofya mara mia tatu kabla vumbi halijatua, na ramani yako nzima itakoza rangi kwa ajili ya mtu mmoja. Mpiga picha mmoja, eneo moja, siku moja: hiyo ni moja tu. Ndivyo mtafiti Spencer Wood na wenzake walivyohesabu mwaka 2013, wakalinganisha na idadi halisi ya wageni katika maeneo 836 duniani, zikaendana vizuri.

Kinachoniuma ni wasioonekana. Wanafunzi wetu wanaokuja na basi la shule hutumiana picha WhatsApp, na humo alama ya mahali hufutika. Kamera nyingi kubwa nazo hazina GPS. Kwa hiyo tafuta kwanza hesabu za getini, Naabi kwa mfano, upime pengo hilo. Halafu tenganisha miezi: Julai hadi Oktoba kaskazini, Februari kusini pande za Ndutu nyumbu wanapozaa. Wastani wa mwaka mzima utakufichia msongamano wenyewe.