Anachoka upesi, lakini si mvivu

Dada yangu, umeuliza kama mwanao wa miaka 15 mwenye Down Sindromu (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili) anaweza kujiandaa kwa mbio za mita 100, maana mwalimu wake anasema ni mvivu. Anaweza kabisa, na neno hilo la uvivu limeniuma. Wengi wenye hali hiyo huwa na misuli legevu, na mapigo ya moyo wao hayapandi kufikia ya wenzao hata wakijitahidi vipi. Kwa hiyo ile hesabu ya kukadiria kilele cha mapigo ya moyo, 220 kutoa umri, haimfai. Msemeshe anapokimbia, akishindwa kukujibu kama alivyozoea, apumzike.

Kwanza lakini daktari amwangalie moyo na shingo. Pingili za juu za shingo huweza kuwa zimelegea, basi kubingirika na kupiga mpira kwa kichwa viachwe mpaka daktari aruhusu. Ukiona ameanza kuyumba, mikono imepungua nguvu au anajikojolea ghafla, simamisha mazoezi umuwahishe hospitali.

Uwanjani, mwonyeshe kuliko kumweleza. Usimwambie "kimbia, zunguka, rudi" kwa mkupuo. Weka chupa ya maji mita 30 mbele, kimbieni bega kwa bega mpaka hapo, kisha mwache aende peke yake. Saa ileile, mpangilio uleule. Nyumbani asimame na kuketi kitini, mapaja yapate nguvu.

Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, hupokea washindani kuanzia miaka 8 na huwapanga na wenye uwezo unaokaribiana. Muulize afisa michezo wa wilaya yenu.