Nikishika mpira siku ya mechi mikono inatetemeka, nirudishe jezi?

SWALI

Shikamoo dada. Mi niko kidato cha tatu, nacheza netiboli timu ya shule na namba yangu ni GS, yaani mfungaji. Mazoezini nafunga vizuri tu hata mwalimu anajua, lakini ikifika mechi yaani sijui napatwa na nini. Usiku silali, asubuhi chai haipiti, chooni naenda mara nne mara tano, na nikishika mpira mikono inatetemeka mpaka naona ringi imekuwa ndogo. Mwaka huu kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya tulikuwa nyuma goli moja, muda umeisha kabisa, refa akatupa penati. GK wao, yule mlinzi wa goli, akasimama pembeni haruhusiwi hata kuinua mkono, nikabaki mimi na ringi. Nikakosa. Wenzangu walilia, kuna mmoja akasema mbele ya watu bora angecheza mwingine, na mpaka leo kuna wawili hawanisemeshi vizuri. Nafikiria nirudishe jezi niwaachie wenye moyo. Dada naomba uniambie huu woga unaondokaje?
GS, Morogoro

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale uliposema nikabaki mimi na ringi nikasimama kidogo kwa sababu napajua. Waliokaa nje wanaona penati ni kitu chepesi, beki katolewa, mkono haupo usoni, we funga tu basi. Aliyewahi kusimama pale anajua ni goli gumu kweli, maana dakika zote zile mlikuwa mnakimbizana huna hata nafasi ya kuwaza, halafu ghafla uwanja mzima unanyamaza unakuangalia wewe na kichwa nacho ndo kinaanza kuongea.

Nianze na swali lako la mwisho. Woga hauondoki mdogo wangu, na sitaki nikudanganye. Nimecheza shule, nikacheza chuo, sasa hivi nafundisha watoto wa mtaani kwetu jioni na bado siku ya mechi yao tumbo langu linavuruga asubuhi, na wala sichezi mimi. Kinachobadilika ni kwamba unauzoea, unajua saa ngapi unakuja na unafanya nini ukishafika, kwa hiyo haukushtui tena.

Hebu elewa kwanza mwilini kunatokea nini. Mwili ukihisi kuna jambo kubwa mbele yako unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inatoka tumboni inapelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono ili ukimbie. Ndo maana chai haipiti, tumbo halina kazi na chakula saa hiyo. Ndo maana chooni huishi, na mikono inatetemeka kwa sababu misuli imekazwa inasubiri kazi ambayo bado haijaanza. Mwili haujui kama ni mechi ya wilaya au ni mbwa anakukimbiza, wenyewe umekuandaa tu. Sasa wewe ukihisi ule mtetemo unasema nimeshaharibu, unaogopa ule woga wenyewe na hapo unakuwa na mizigo miwili. Siku nyingine mikono ikianza jiambie tu nimeshaiva, mwili uko tayari. Najua linasikika kama neno dogo lakini jaribu, ni hali ileile ila umeipa jina lingine.

Na kuhusu kutolala, usiku mmoja wa kabla ya mechi hauwezi kukuua. Lala vizuri siku mbili tatu za nyuma, ule wa mwisho hata ukigeukageuka kitandani mwili bado una akiba, tatizo kubwa ni kulala pale unahesabu saa huku unajilaumu kwamba hulali. Chai ikikataa kunywa uji kidogo, au ndizi mbivu na mkate mkavu, ule mapema kama saa mbili tatu kabla hamjaingia uwanjani. Usicheze na tumbo tupu kabisa, robo ya tatu utaona nyota.

Mimi nilikuwa GD, beki anayesaidiana na GK. Mwaka nilioenda ngazi ya mkoa viganja vilikuwa vinatoa jasho mpaka mpira unateleza, na mechi ya kwanza niliachia mipira miwili iliyokuja yenyewe mkononi, hakuna aliyenigusa. Baada ya pale mwalimu wetu hakunihubiria kitu chochote. Mechi iliyofuata, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tunasubiri kuitwa, akanambia kazi yako leo ni kukagua kamba za raba za wote saba, asiingie mtu na fundo bovu. Basi nikapiga magoti pale kwenye vumbi nikaanza na raba za GK wetu, moja ilikuwa na kamba nyeupe na nyingine amefunga kamba ya katani maana ya kwake ilikatika, nikafungua, nikakaza, nikafunga mara mbili, nikahamia kwa mwingine. Nilipofika mtu wa saba filimbi ikalia na nikagundua sikuwa nimejiwaza hata kidogo. Toka siku ile kazi hiyo ikawa yangu, hakuna mechi niliyoingia bila kukagua kamba. Na wewe tafuta kazi yako ndogo ya mikono ya kufanya nusu saa ya mwisho, gawa maji, panga bibu za namba, suka nywele za mwenzio, chochote kile ila usikae peke yako chooni unasikiliza moyo.

Sasa ile penati. Nikuulize, mazoezini unashutije? Maana wafungaji wengi wa shule wanashuti wakiwa freshi kabisa, wamesimama wanapiga stori, mpira ukikosa wanacheka wanaokota. Hapo unafundisha mkono kufunga ukiwa umetulia, halafu mechi inakukuta unahema. Mdogo wangu zunguka uwanja mara mbili kwa kasi, fika kwenye duara huku unahema vilevile, shuti mara tano, kakimbie tena urudi ushuti. Waite wenzio wawili wasimame nyuma ya nguzo wapige kelele wakuite jina. Siku moja moja malizia mazoezi kwa penati moja tu, timu yote imesimama inakuangalia, ukikosa wote mnakimbia raundi moja. Itakuuma wiki ya kwanza, lakini mwili unaanza kuzoea kuangaliwa.

Na uwe na mpangilio wako usiobadilika. Sheria inakupa sekunde tatu, zinatosha kwa pumzi moja. Miguu ikae sawa, toa pumzi yote nje taratibu, kunja magoti, macho yagande sehemu moja ya ringi (chagua moja, mi nawafundisha wangu waangalie ukingo wa nyuma), achia mpira na usiondoe macho mpaka ufike. Hivyohivyo kila shuti, la mazoezi na la mechi, uwe unaongoza au umefungwa. Kichwa kikiwa na kitu cha kufuata hakipati nafasi ya kuongea. Halafu siku moja chukua rula ukapime ringi, upana wake ndani ni sentimita 38 na mpira wenyewe kama 22 hivi. Ringi haijawahi kuwa ndogo, ni macho yako yalikuwa yanarukaruka toka kwa refa kwenda kwa mashabiki kwenda kwa GK.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako umekipita haraka, umesema mlikuwa nyuma goli moja. Yaani kabla hujagusa ule mpira tayari mlikuwa mnafungwa. Wapo waliopoteza mpira katikati, wapo waliokanyaga hatua, wapo walioachia mtu wao kwenye robo ya kwanza wakati hakuna anayelia, na hayo yote yamehesabiwa sawa na shuti lako ila la kwako limeonekana kwa sababu lilikuwa la mwisho. Na ile penati ilitoka wapi? Refa hagawi penati bure, kuna mtu alijiweka kwenye nafasi sekunde za mwisho akaomba mpira mpaka beki akamfanyia kosa. Mtu huyo ni wewe. Mwoga angejificha nyuma ya GK ili mpira umpite, na kwa kweli wapo wengi wanaofanya hivyo tena ni wafungaji.

Huyo aliyesema bora mwingine, mwendee mwenyewe mkiwa wawili, usimtume mtu na usiandike kwenye grupu. Mwambie ile kauli iliniuma, na mimi pia nilitaka tushinde. Usijitetee sana. Akikaa kimya mwache, mazoezi yatawarudisha pamoja, mimi na GK wetu tuliwahi kununiana mwezi mzima na leo ni mama mdogo wa watoto wangu.

Umesema uwaachie wenye moyo. Septemba 2025 sote tulimwona Alphonce Simbu akichukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia Tokyo, kilomita 42 halafu anampita Mjerumani mlangoni kabisa, saa zao zikasoma sawa 2:09:48 ikabidi picha iamue, tofauti ni sehemu tatu tu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo. Sasa rudi nyuma mwaka mmoja tu, Agosti 2024, Olimpiki ya Paris. Simbu huyuhuyu alimaliza wa 17. Shaba yake ya dunia alikuwa ameipata London 2017, kwa hiyo miaka nane imepita hapo katikati anaamka alfajiri anakimbia, wengine tumeshamsahau, na baada ya Paris hakuna ambaye angemshangaa kama angesema basi inatosha. Mimi nilipoona ile picha ya mwisho niliwaza zaidi zile asubuhi za baada ya Paris kuliko Tokyo yenyewe.

Jezi usirudishe mwaka huu. Nenda kwa mwalimu wiki hii, mwambie wazi kwamba siku ya mechi unatetemeka, usimfiche, halafu muombe kwenye mechi za kirafiki penati zote zikija upige wewe. Ukifika kidato cha nne ukaona moyo hauko tena kwenye netiboli, kwamba huitaki hata mazoezini, hapo acha kwa amani na hakuna wa kukulaumu. Ila kuacha kwa sababu ya shuti moja, hapana, hilo sikubaliani nalo kabisa. Niandikie tena baada ya mechi zako mbili tatu, nataka kujua.

SWALI

Habari dada. Kijana wangu wa miaka 13 anacheza mpira timu ya shule. Kila siku ya mechi anatapika asubuhi, akishacheza anakuwa mzima anaruka. Baba yake anasema nimtoe, mwanaume gani anatapika kwa mpira. Nimtoe?
Mama, Tanga

JIBU

Salama mama. Usimtoe kama yeye mwenyewe bado anataka, na kwa maelezo yako anataka, maana angekuwa hataki angeng'ang'ania kitandani aseme anaumwa. Kutapika kwa woga kunawapata wengi na jinsia haihusiani, naomba baba alisikie hilo kwa upole. Chakula kizito asubuhi ya mechi mpunguzie, maharage na chapati za mafuta ziwe za jioni, asubuhi mpe uji mwepesi mapema na maji kidogokidogo. Ila mama, kama siku yoyote atazimia akiwa anakimbia, au atasema kifua kinabana au moyo unamwenda vibaya, au anatapika hata siku zisizo na mechi, huyo mpeleke hospitali kwanza apimwe ndo arudi uwanjani.

Na kitu kimoja nakuomba wewe na baba yake. Mkienda kumwangalia kaeni upande wa mbali na benchi lao, msimpigie kelele za pasi na shuti, kocha wake yupo. Mechi ikiisha mpe chungwa lake, muulize kama ana njaa. Habari za magoli atazileta mwenyewe mkiwa njiani.