Bei ya boti ilipanda tukiwa majini

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Jumapili niliwapeleka wanangu kutazama matumbawe hapa Malindi kwa boti ya kioo. Bei tuliafikiana ufukweni. Tulipofika majini, nahodha akadai pesa za miwani, za majaketi ya kuokolea, hata kiingilio cha hifadhi. Watoto wanasikiliza, nikalipa. Nina haki gani?
Baba Salma, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kuelezwa unachonunua, na ya kulindwa usalama wako. Jaketi ndiyo usalama wenyewe. Kuidai pesa mtoto akiwa tayari baharini kumeniudhi mno. Kiingilio cha hifadhi, kwa kweli, hulipwa mbali na ukodi wa boti, lakini alipaswa kukwambia mapema.

Safari ijayo hesabuni kila kitu mkiwa bado mchangani, akutumie jumla kwa ujumbe wa simu. Akikataa, tafuta mwingine. Na uliza saa ya maji kupwa, ndipo matumbawe huonekana vizuri. Maji yakijaa, watoto wataona kidogo kwa pesa zilezile.