Filamu iliyokulaza usingizi, na maswali mengine ya katuni na sinema

SWALI: Tokyo Story, filamu ya mwongozaji wa Japani Ozu, inasifiwa kila mahali. Nimeijaribu mara mbili, na mara zote mbili nimesinzia kabla ya nusu saa kwisha. Nataka kuandika uhakiki kwamba hakuna kinachotokea! Kosa ni langu au la filamu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Huenda ni la runinga, kwa hiyo tuanzie hapo. Runinga nyingi za sasa hutoka kiwandani zikiwa zimewashiwa kitu cha kulainisha mwendo: Samsung walikiita Auto Motion Plus na siku hizi Picture Clarity, LG wanakiita TruMotion, Sony Motionflow. Filamu ina picha 24 kwa sekunde. Runinga inabuni picha nyingine za kujazia katikati, na kazi ya mwaka 1953 inaanza kufanana na tamthilia iliyorekodiwa jana. Ingia kwenye mipangilio ya picha ukizime. Kisha tazama umbo: picha ya Ozu ni karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo 1, hivyo weusi ulioachwa kushoto na kulia uache ulivyo. Ukiitanua, nyuso zinakuwa bapa. Ukiikuza ijaze kioo, unakata karibu robo ya picha juu na chini, na kwa Ozu sakafu ina kazi.

Sasa filamu yenyewe. Wazee wawili wanatoka Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wametingwa na shughuli, basi wanachanga pesa na kuwapeleka wazee hoteli ya Atami, pembeni mwa bahari, wasiwasumbue. Kamera imewekwa chini karibu na mkeka, na karibu haisogei kabisa. Mtazamaji aliyezoea kuongozwa na kamera anasubiri aambiwe pa kutazama. Hakuna anayemwambia, naye usingizi unamchukua.

Rudi pale kwenye ukuta wa bahari Atami. Bibi anainuka, anayumba, anajishika chini. Kamera haikimbilii uso wake. Anasema ni kizunguzungu tu, wanaendelea na safari. Ugonjwa unaomshika ndani ya treni hatuonyeshwi. Tunausikia wameshashukia Osaka. Na baada ya mazishi, wakiwa mezani, binti yake Shige, aliyetoka kulia muda si mrefu, anaanza kuulizia nguo za marehemu. Yeyote aliyewahi kuzika nyumbani kwao ana Shige wake anayemjua, mwenye jina lingine.

Kwa hiyo usiandike kuwa hakuna kinachotokea. Andika, kama ndivyo uonavyo, kwamba kulificha tukio la treni kulikupunguzia uchungu badala ya kuuongeza. Hapo umetutajia mahali, na tunaweza kubishana. Na tafadhali, dakika 136 za Ozu usizianze saa nne usiku umeshiba ugali.

SWALI: Nimenunua manga, kitabu cha katuni cha Kijapani, ya mtumba. Jibu linakuja kabla ya swali, mtu anaanguka kabla ya kupigwa. Nataka kuandika kwamba mchoraji hajui kupanga kisa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usiandike bado. Unaisoma kinyume. Anza upande unaodhani ndio jalada la nyuma, kisanduku cha juu kulia, uende kushoto, kisha ushuke. Viputo vya maneno ndani ya kisanduku vinafuata njia hiyohiyo. Waliosoma chuoni kwa hati ya Kiarabu hawatahangaika.

Ukiigeuza na bado kisa hakikai, huenda una toleo la zamani lililopinduliwa kama kwenye kioo ili lisomeke kama vitabu vya Kizungu. Dalili ziko mbili. Wapiga upanga wote ni wa mkono wa kushoto, na kimono imefungwa upande wa kulia juu ya kushoto, jinsi Wajapani wanavyomvalisha maiti. Lawama hiyo ni ya mchapishaji. Akira ya Katsuhiro Otomo iliuzwa Marekani kuanzia 1988 ikiwa imepinduliwa na kutiwa rangi, wakati manga yenyewe karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Anayesifu rangi zake anamsifu Steve Oliff, aliyezitia. Na wanaosema filamu iliharibu mwisho wa kitabu wakumbushwe kalenda: filamu ilitoka 1988, ikiongozwa na Otomo mwenyewe, na manga iliisha 1990.

SWALI: Tintin au Congo, katuni ya Mbelgiji Hergé inayowadhihaki Wakongo, tuichome au tuisome? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Isome ukiwa na matoleo mawili kando kwa kando. La kwanza, la nyeusi na nyeupe, lilitoka kwa mfululizo 1930 na 1931 katika nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels. Hergé hakuwa amefika Kongo. La rangi ni la 1946. Fungua ukurasa wa darasani. Katika la kwanza Tintin anawaambia wanafunzi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika la pili anauliza mbili jumlisha mbili. Hesabu imefuta siasa, ila tazama kilichobaki: midomo imechorwa vilevile, Kifaransa cha Wakongo bado kimevunjwavunjwa, na mbwa anaongea vizuri kuliko wao. Marekebisho yaligusa sentensi, mchoro ukaachwa, na katika katuni mchoro ndio unaosema kwanza.

Utetezi kwamba enzi zile kila mtu alichora hivyo haufiki mbali. Mwaka 1934 Hergé alikutana na Zhang Chongren, kijana wa Kichina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels, na kitabu kingine cha Tintin, Le Lotus bleu, kikatoka na mabango ya Kichina cha kweli na Wachina wenye sura zinazotofautiana. Alipopata wa kumuuliza, aliuliza. Mahakama ya Brussels ilikataa mwaka 2012 kukipiga marufuku kitabu cha Kongo. Hilo ni suala la sheria, wala halikuzuii kukihukumu kama kazi ya sanaa.

SWALI: Filamu niliyoiona kibanda umiza, yenye sauti ya Kiswahili juu yake, naweza kuifanyia uhakiki? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Unaweza, ila useme umeona nini. Msimuliaji wa aina ya marehemu Lufufu ni msanii wa pili juu ya filamu: anawapa wahusika majina, anatia utani, na anaongea pale mwongozaji alipoweka kimya. Uhariri, mwanga na miondoko ya mapigano unaweza kuvipima. Muziki, uzito wa maneno na ucheshi usivipime kabla hujatafuta toleo lenye sauti yake ya asili na kuangalia walau dakika kumi za tukio lilelile. Ukigundua kichekesho ulichokipenda hakimo, msifu msimuliaji kwa jina.