Jibu: Dalali mwenzangu anasema tutagawana nusu kwa nusu, nimpeleke mteja?

Usimpeleke! Ahirisha hiyo safari ya kesho, soma kwanza.

Unasema mwenzako ana nyumba, wewe una mnunuzi, na mmekubaliana kwa mdomo "nusu kwa nusu". Haya, nijibu: nusu ya nini?

Mimi sikuuliza. Mnunuzi wangu nilimhangaikia miezi minne, nikamtembeza mpaka soli zikaisha, ndipo jamaa akaniambia ana nyumba mkononi. Mkononi wapi! Barua ya mwenye nyumba, ile inayomruhusu dalali kumuuzia, ilikuwa kwa dalali mwingine, huyo akamdokeza wa pili, wa pili akamdokeza jamaa yangu, nami nikawa wa nne kwenye foleni bila kujua kama kuna foleni. Nyumba ikauzwa, kamisheni yote ikaingia kwa mwenye barua. Akakata nusu yake. Wa pili akakata nusu ya iliyobaki. Ikabaki robo, jamaa akaigawa katikati kama tulivyoahidiana, tena kwa uso mkavu. Asilimia 12.5, na mnunuzi ni wangu! Nilipoona ujumbe wa malipo nilidhani kanitangulizia nauli.

Na utamshtaki kwa lipi? Nusu si alitoa?

Ninayemlaani hasa ni yule mkongwe aliyenifundisha kazi. "Kijana, udalali ni kuaminiana, ukimletea mwenzio makaratasi unamtukana." Baadaye nikaja kuona kabatini kwake faili zima la mikataba ya kugawana kamisheni, kila ukurasa una saini. Kumbe kuaminiana kulikuwa kwa ajili yetu sisi wadogo.

Kwa hiyo jina la mteja lisikutoke mdomoni kabla ya karatasi. Mwambie akuonyeshe barua ya mwenye nyumba. Kama haina jina lake, zungumza na mwenye jina. Kisha iandikwe: asilimia ngapi ya kamisheni NZIMA, nani anakulipa, siku ngapi baada ya fedha kuingia, na kwamba mnunuzi ni wako hata akirudi peke yake miezi sita baadaye. Wote msaini. Akigoma, hata ujumbe wa simu wenye "nimekubali" una afadhali kuliko kupeana mikono. Mimi nilipeana mikono, na chai nikalipa mimi.

Kuna na lile swali lako la kujiunga na ofisi kubwa ya udalali ufanye kazi chini ya jina lao, na jingine la kodi... hasira zimenipeleka mbali, watakujibu wengine. Wewe niambie tu: hiyo barua umeiona kwa macho yako?