Macho kuwaka na shingo kukaza kazini

Pole dada. Unasema ikifika saa tisa alasiri macho yanawaka, shingo imekaza, na unataka kununua miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Hiyo hela iache kwanza. Hata chama cha madaktari wa macho Marekani hakiipendekezi. Tukikodolea kompyuta tunapepesa macho mara chache mno, ndiyo maana yanakauka. Weka alamu ya simu, mtetemo bila mlio, kila dakika 20: tazama kitu kilicho mita 6 hivi, hata mwembe wa nje, kwa sekunde 20. Na feni isikupulize usoni.

Shingo ni laptopu kukaa chini. Yangu nimeipandisha juu ya rimu mbili za karatasi, ukingo wa juu wa kioo ukalingana na macho, nikachomeka kibodi ya pembeni. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Sasa rimu stoo zinapotea ovyo.

Chai nayo usiletewe mezani, ifuate mwenyewe, upate kunyanyuka kitini. Ukiona ukungu, au kichwa kinauma hata Jumapili, kapime macho.